Dakika Kumi na Saba Nikingoja Marahaba

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimkabidhi Neema kiti, kibodi na ufunguo wa chumba cha kompyuta hapa machimboni, juu ya mlima wa Sekenke. Wenzangu wakapiga makofi wakaniita mstaafu. Nina miaka ishirini na minne. Neema aliniomba nimwandikie jinsi kazi inavyoanza, ili yeye na wengine watakaokuja wasianze gizani kama mimi. Nimetumia siku tisa kwa sababu naandika polepole. Shule niliishia darasa la saba.

Naandika pia kwa ajili ya Mzee Mkumbo, aliyekuwa akitunza pampu kubwa kule bondeni. Alifukuzwa kazi kwa kosa langu, baada ya Yohana kufa maji ndani ya duara la tatu. Duara ndivyo tunavyoliita shimo la kuchimbia dhahabu. Mpaka majuzi watu walisema mzee yule alikuwa amelala. Hakulala. Nitafika huko, lakini lazima nianze na kompyuta, maana asiyejua inavyofanya kazi hataelewa nilikosa wapi.

Nilikuja hapa kubeba mawe kutoka kwenye winchi kupeleka kwenye karasha, kule yanakosagwa. Fundi Zakaria, fundi umeme wetu, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na kompyuta. Vijana wengi walikimbia kwenda kuiona, wakarudi wakicheka. Ilikuwa nzee, nzito kama tofali, na ilionyesha maandishi matupu, bila picha wala muziki. Mimi nilibaki mlangoni kwa sababu sikujua namna ya kuondoka bila kuaga.

"Wewe hupendi kuongea, siyo?" Zakaria akaniuliza.

"Hapana, fundi."

"Hapana hupendi, au hapana si kweli?"

Nikanyamaza.

"Basi umepata kazi," akasema.

Simu za sauti huku juu hazishiki. Unasikia "halo, halo", kisha inakata. Maandishi machache hupita, yakichelewa kidogo, lakini hupita. Kompyuta ile ilikuwa na programu moja tu ya maana, ya kuandikia, na ndani yake tuliweka orodha ya walioshuka duarani: jina, duara, saa ya kushuka, saa ya kupanda. Zakaria aligundua kwamba ukiwa ndani ya programu hiyohiyo unaweza kuingia kwenye mtandao ukachati na watu wa mbali, bila kufungua kitu kingine chochote. Kwa kompyuta ya namna ile, kufungua kitu kingine kulikuwa sawa na kuiua.

Siku ya kwanza alinionyesha hivi. Shika Alt, bonyeza x. Chini kabisa ya kioo patakuwa wazi. Andika neno la kuitia, bonyeza Enta. Itakuuliza seva, ile kompyuta ya mbali inayotuunganisha, mpe jina lake. Itakuuliza namba ya mlango, iache kama ilivyo. Itakuuliza jina.

"Niandike langu?" nikauliza.

"Andika duara. Wewe unaweza kuugua, kuoa, kufukuzwa. Duara halina mambo hayo."

Kisha unaandika mstari wa mshazari, neno la kuingilia na jina la chumba cha kuchatia, na majina ya waliomo yanatokea. Chumba chetu kilikuwa na majina matatu: duara, ambaye ni sisi, bonde, ambaye alikuwa Mzee Mkumbo, na zahanati, ambaye alikuwa muuguzi wa kijiji cha chini.

Kosa langu la kwanza kila mtu atalifanya. Programu ile inafungua kurasa nyingi kwa pamoja, na zote zinafanana. Niliandika kwamba tunahitaji bandeji, nikabonyeza Enta, sikuona jibu, nikabonyeza tena. Kumbe nilikuwa kwenye orodha ya walioshuka. Zakaria akainama akasoma.

"Sasa Bandeji naye ameshuka duara la kwanza," akasema. "Atapanda saa ngapi?"

Kwa hiyo, Neema, kabla hujaandika chochote soma mstari wa chini wa ukurasa. Unakuambia uko wapi. Ukijikuta mahali usipopajua, shika Control, bonyeza g, mpaka itulie. Na kumbuka humu hakuna zile alama za simu zinazoonyesha kwamba mtu amesoma. Jina la mtu likionekana chumbani, maana yake kompyuta yake inawaka. Yeye mwenyewe anaweza kuwa shambani.

Wiki hiyo ya kwanza nilifanya kosa la pili. Dizeli ya winchi ilikuwa imekwisha. Nikaandika: Tuleteeni dizeli. Muda ulipita, kisha bonde akajibu kwa herufi zake zilizotoka moja moja, maana alikuwa akichapa kwa kidole kimoja.

Nani huyo?

Duara, nikaandika.

Duara halina mama? Duara halikufundishwa kusalimia watu wazima?

Muuguzi, ambaye naye alikuwa akiona, akaandika kicheko kirefu. Nilikaa pale masikio yakiwaka moto, peke yangu chumbani, kana kwamba nimesimamishwa mbele ya darasa. Mwingine angecheka yakaisha. Mimi sikuweza. Tangu siku hiyo nilikuwa naandika Shikamoo mzee, naondoa mikono kwenye kibodi, nangoja. Yeye anaandika: Marahaba mwanangu, mmeamkaje huko juu. Nasema salama. Ndipo nasema shida. Ndivyo tunavyofanya mlangoni kwa mtu. Huanzi kumwaga mambo yako kabla hujaitikiwa.

Nisije nikamchora vibaya. Mzee Mkumbo ndiye aliyenifundisha kazi kuliko mtu yeyote baada ya Zakaria. Alikuwa ameshuka maduara tangu ujana wake mpaka kifua kikakataa. Alinifundisha kurudia namba kila ninapoagiza kitu, kwa sababu mbili na tatu zikikosewa, kamba inakuwa fupi. Alinifundisha kuwauliza wanaopanda hali ya matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta, na kuiandika hata kama hakuna aliyeniomba. Aliniita Duara, hata tulipokutana ana kwa ana mnadani akaninunulia muwa.

Sasa kengele. Mzee alikuwa na kazi nyingi uani, trekta, pampu, mapipa, hakuweza kukaa mbele ya kioo kutwa. Zakaria akachukua honi ya pikipiki akaiunganisha na kompyuta ya bondeni ili ilie ujumbe ukiingia. Ikalia kwa siku mbili. Siku ya tatu mzee akaja juu mwenyewe, anahema.

"Zakaria, hiki kitu chako kinaniita kama mke mdogo. Nimekimbia mara nne leo. Zote nne ni shikamoo."

"Unataka nikiondoe?"

"Kinyamazishe kwa salamu. Kilie kwa hatari."

Zakaria akakaa akaandika maneno matatu kwenye kompyuta ile: maji, kifusi, hewa. Ujumbe wenye neno mojawapo ungepiga honi. Mengine yote yangeingia kimya, yamsubiri mzee akirudi ndani. Mimi ndiye niliyechapa maneno ya majaribio nikiwa huku juu, na honi ikalia mara tatu kule chini. Niliyajua maneno yale kama ninavyolijua jina langu.

Yohana alikuwa wa rika langu. Kila asubuhi kabla ya kushuka alipitia dirishani kwangu, ananyoosha shingo aone jina lake kwenye kioo. "Bwana Kompyuta, niandike vizuri. Ukinisahau huko chini nitakuja kukutokea." Watu wanacheka, mimi natabasamu tu, na yeye anaenda. Asubuhi ile nilimwandika, na chini yake nikamwandika Selemani, aliyekuwa akichimba naye.

Winchi ilimtoa Selemani kwa kasi isiyo ya kawaida. Alitoka amelowa, anapiga kelele kabla hajafika ukingoni. "Maji! Tumetoboa shimo la zamani! Yohana yuko kwenye tawi, hawezi kufika kwenye kamba!" Milima hii imechimbwa na watu wengi waliopita kabla yetu, na mashimo yao yamejaa maji ambayo hakuna anayejua yalipo. Tawi alilokuwamo Yohana ni njia ya pembeni iliyopanda kidogo. Selemani alilala kifudifudi ukingoni, akasikia nyundo ikigonga mwamba huko ndani. Yohana alikuwa anatuambia yu hai.

Pampu yetu ndogo iliwashwa, na kila mtu aliona haitoshi. Pampu kubwa ilikuwa bondeni nyuma ya trekta. Pikipiki yetu moja ilikuwa imeenda kufuata vipuri. Mtu mmoja alijaribu simu, ikakata, akajaribu tena. Macho yakageuka kwangu, nami nikakimbilia kwenye kompyuta.

Saa ya kioo, nikiisoma kwa Kiswahili, ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili.

Niliandika: Shikamoo mzee. Nikabonyeza Enta. Nikaondoa mikono.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Sikuwa nimesahau maji. Nilikuwa nawasikia wenzangu wakiyapigia kelele nje. Sikuwa nimesahau honi. Nilijua kabisa kwamba salamu haipigi honi. La zahanati halikuwepo asubuhi ile, lakini jina la bonde lilikuwa pale chumbani, nikajiambia yuko mbele ya kioo, ataitikia sasa hivi, nami nitasema. Nililitamka neno maji kichwani, vidole vikakataa kulichapa juu ya salamu isiyoitikiwa. Nimejaribu kutafuta maelezo mengine kwa muda mrefu. Hayapo.

Saa nne na dakika kumi na nane niliandika: Mzee shikamoo. Nilidhani labda ya kwanza haikufika.

Mtu akapiga dirisha. "Umewaambia?"

"Nimewaambia," nikasema.

Saa nne na dakika ishirini na nne niliandika: Samahani mzee, upo?

Saa nne na dakika ishirini na tisa niliandika: Mzee kuna maji duara la tatu, Yohana yumo. Haikupita hata dakika moja, bonde akajibu neno moja. Nakuja. Hakuweka hata nukta.

Nilipotoka nje, Selemani alikuwa bado amelala ukingoni, ameziba sikio moja, kila mara ananyoosha mkono kuonyesha kwamba nyundo inasikika. Trekta lilikuwa halijaonekana kwenye kona ya mwisho aliposhusha mkono. Tulisimama. Hakuunyoosha tena.

Pampu kubwa ilivuta maji mpaka alasiri, ndipo wakamtoa. Jioni katibu wa kikundi chetu cha wachimbaji alikuja chumbani kwangu kufunga orodha. Utaratibu ni kwamba hakuna jina linalobaki wazi. Kila aliyeshuka lazima aandikwe amepanda. Akanitajia saa, nikaandika. Yohana, amepanda saa tisa na dakika arobaini. Iko hivyo mpaka leo.

Kisha katibu akaniuliza, "Uliita saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

Akatazama kioo, akaona saa na jina langu mbele ya mstari wa kwanza, akanakili saa. Akashuka mpaka jibu la bonde, akanakili saa yake. Maneno ya katikati hakuyasoma. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake.

Kikao kilifanyika baada ya mazishi. Mwenyekiti alisoma zile saa mbili, akamgeukia Mzee Mkumbo.

"Mzee, umeitwa saa nne na kumi na mbili. Umejibu na ishirini na tisa. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa uani, nabadilisha mpira wa pampu."

"Na honi?"

"Ililia mara moja. Nikakimbia."

"Tumeijaribu honi jana," mwenyekiti akasema. "Ni nzima."

Mtu wa nyuma akasema, "Mzee, sema tu ulisinzia, watu wote husinzia." Wengine wakaguna. Mzee alinitazama mara moja, hakutazama tena. Niliangalia miguu yangu. Hakuna aliyeniuliza niliandika nini, nami nikashikilia hilo: hawajaniuliza. Siku hiyohiyo mzee alirudisha ufunguo wa ua.

Wa kuuliza alikuwa Zakaria, wiki mbili baadaye, alipokuja kusafisha kompyuta. Alisoma mazungumzo ya siku ile kimya, akapandisha, akayasoma tena.

"Ulimsalimia," akasema.

"Ndiyo, fundi."

"Ukangoja."

"Ndiyo."

Akakunja kitambaa cha vumbi. "Sitakusemea, kijana. Nikikusemea utakuwa hujasema mpaka unakufa." Akaondoka, na kwa miezi kadhaa hatukuongea ila mambo ya betri na sola. Nami niliendelea kufungua chumba kila asubuhi, kuandika majina, kusoma mstari wa chini. Kazi niliifanya vizuri. Hilo nalo lilinisumbua.

Wakati wa kuvuna alizeti nilishuka nyumbani kwa Mzee Mkumbo. Nilimkuta uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinaruka juu ya turubai. Alinikaribisha kwa jina lile lile, Duara. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema.

Hakuacha kupiga. "Nilijua," akasema.

"Ulijua, mzee?"

"Niliporukia kile kioo niliona maji. Juu ya maji nikaona shikamoo mbili na samahani moja. Macho ninayo."

"Mbona hukusema kikaoni?"

"Niseme nini? Kwamba mtoto wa watu amenisalimia? Nani alikufokea mpaka ukaogopa kufungua mdomo? Na honi, nani aliizuia isilie kwa salamu?" Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Nilifikiri utasema mwenyewe. Nikangoja siku hiyo, nikangoja na mwezi."

"Nisamehe, mzee."

"Hilo usinipe mimi. Mimi nimepoteza kibarua. Mama yake Yohana anadhani mwanawe alikufa nimelala. Tunakutana kisimani anageuza uso, na mimi nageuza ndoo. Hicho ndicho kinaniua."

Nilikwenda kwa mama huyo siku iliyofuata. Mama Yohana alikuwa na wanawake wawili wa jirani. Aliponiona nimesimama mlangoni, akawaambia watoke kidogo. Nikamweleza. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Dakika kumi na saba."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unamsikia anagonga?"

"Niliambiwa na Selemani. Mimi nilikuwa ndani."

"Walipokuuliza kama umewaambia, ulisemaje?"

"Nilisema nimewaambia."

Hakulia. Alitazama nje, mahali wale majirani walipokuwa. "Nimemgeuzia uso mtu mzima miezi yote hii," akasema. "Utayasema haya mbele ya watu. Na usiandike ukampa mtu akusomee. Useme kwa mdomo."

Kikao kilichofuata nilisimama. Mwenyekiti akaniambia nipaze sauti. Nikarudia. Waliokuwa nyuma wakasema hawasikii, nikarudia mara ya tatu, na ile ya tatu ndiyo nakumbuka, kwa sababu nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye mabati. Katibu akafungua kitabu chake, akakata mstari kwa rula, akaandika juu yake. Mzee Mkumbo alikuwa ameitwa. Walimwomba arudi kwenye pampu. Akashukuru, akasema mgongo umeshakataa, na mpira mmoja wa pampu una kilo nyingi kuliko zamani. Mama Yohana alivuka ukumbi akampa mkono. Waliongea kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, nami nikasogea mbali nisisikie.

Neema, mtu akiwa chini, ujumbe wako wa kwanza uwe tukio, duara lipi, watu wangapi. Andika hivyo hata kama anayesoma ni babu yako mzaa mama. Zakaria ameongeza neno la nne kwenye honi, shikamoo, na mtunza pampu mpya wa bondeni ameshaanza kulalamika. Mwache alalamike. Mwambie ainyamazishe mwenyewe kama anaweza kulala usingizi baadaye.

Mama Yohana aliningoja nje ya ukumbi siku ile. Aliniuliza kama nitaendelea kukaa kwenye kile kiti. Nikamwambia sijui.

"Daudi, mdogo wake, ameanza kushuka duara la pili," akasema. "Sina mwingine."

Asubuhi yake, Neema, nilikuita uanze kujifunza, ili Daudi awe na mtu asiyengoja kuitikiwa.